Picha ya mirija: yasemwayo mitaani Lamu na ukweli wake

Mke akipitisha mwaka hajashika mimba, maneno huanza kwake: mavyaa anauliza, mashoga wanashauri. Akiambiwa hospitali akapige picha ya mirija ya uzazi, inayopitisha yai hadi kizazini, yaani HSG, huongezewa na ya kumtisha.

"Ikionekana imeziba, ndiyo basi." Hili ndilo linaloumiza zaidi, nalo halina uhakika huo. Daktari hupitisha rangi kwa mpira mwembamba kwenye mlango wa kizazi, na eksirei huifuata inavyojaa kizazi, ikapita mirijani na kumwagika tumboni. Ikigoma pale mwanzo wa mrija, karibu na kizazi, huenda ni msuli umejikaza tu, si kovu. Mkondo wa Mkanda, njia ya baharini hapa Lamu, nao ulikuwa ukikwamisha vyombo maji yakikupwa, na hakuna nahodha aliyesema umefungwa. Ulizia kama kipimo kinaweza kurudiwa, au uchunguzi wa kamera kupitia tundu dogo la tumbo.

Mrija kuziba kule mwisho na kufura maji ni jambo jingine. Aghalabu ni alama ya maambukizi ya zamani, klamidia kwa mfano, ambayo huweza kupita bila dalili yoyote. Maji hayo hupunguza hata matumaini ya IVF, yaani yai kurutubishwa maabara kisha kurudishwa kizazini, ndiyo maana madaktari hushauri mrija huo uondolewe au ufungwe kwanza. Kufukiza, kuchua tumbo na dawa za chupa havizibui kovu, hata muuzaji aape vipi.

"Umebaki mrija mmoja, nusu ya bahati imekwenda." Wapi! Mrija mzima huweza kudaka hata yai lililotoka upande wa pili.

"Picha safi, basi hakuna tatizo." Picha haionyeshi ubora wa mayai, wala endometriosisi, yaani tishu kama za ndani ya kizazi kuota nje yake, wala haisemi lolote juu ya mume. Na katika takribani nusu ya ndoa zenye shida hii, mume ana sehemu yake. Kupima manii hakutaki sindano wala eksirei. Sioni kwa nini mke avushwe bahari hadi Mokowe, bara, na kupandishwa basi la Mombasa kabla mume hajajaza kikopo kimoja.

"Rangi ile huharibu kizazi." Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2017 ulifuatilia wanawake 1,119. Waliotiwa rangi ya mafuta, karibu 40 katika kila 100 walikuwa na mimba inayoendelea ndani ya miezi 6. Wa rangi ya maji, 29. Hatari zipo, hasa maambukizi na mzio, kwa hiyo mwenye mimba au uchafu wenye harufu na maumivu ya nyonga hapigwi kwanza.

Maumivu mara nyingi ni kama ya hedhi kali, na kidonge cha kutuliza humezwa kama saa moja kabla, jambo la kupangia mapema kama ni Ramadhani. Kipimo hufanywa damu ikishakatika na yai halijatoka, kwa kawaida kati ya siku ya 6 na ya 11 tangu hedhi ianze. Anayetoka kisiwani apige simu hospitali siku ile ile damu inapoanza, ndipo akate tiketi.