Miwani ya uhalisia pepe haipofushi macho

Kuna ujumbe usiokoma kuzunguka kwenye magrupu: eti miwani ya gemu za uhalisia pepe (VR), ile inayofunika macho na kukuonyesha dunia ya kompyuta kwenye skrini iliyo ndani yake, hupofusha kwa kuwa skrini iko sentimita chache tu kutoka machoni. Si kweli, tafadhali usiusambaze.

Mbele ya skrini kuna lenzi zinazoifanya picha ionekane kama iko mita 1 hadi 2 mbele, na jicho hulenga umbali huo. Ukitaka kuhakikisha, mtu asiyeona mbali vizuri avue miwani yake ya kawaida, avae hii ya gemu. Ataona ukungu, ilhali simu iliyo karibu na uso anaisoma bila shida.

Mkanganyiko unatokana na uchovu, ambao kweli upo. Mtu aliyezama kwenye gemu hupepesa macho mara chache, yakakauka. Lenzi zisipokaa sawa na mboni (umbali kati ya mboni kwa watu wazima wengi ni milimita 58 hadi 70), kichwa huuma. Kichefuchefu nacho huja macho yanapoona mwendo ambao sikio la ndani halihisi. Sogeza lenzi, anza na dakika 10, na ukihisi kizunguzungu vua mara moja, usijikaze.

Kinachoweza kuungua ni skrini yenyewe: jua likipenya kwenye lenzi, hata kwa muda mfupi, huacha doa lisilofutika. Ihifadhi mbali na dirisha.