Gari Lililokwama Halina Haraka: Kamba, Ndoano na Taratibu za Kunasua Gari Nje ya Lami

Kila mvua za vuli zinapoanza, kitengo chetu cha usafirishaji na mafunzo ya madereva hupokea lalamiko la aina moja, na kwa misimu michache iliyopita limekuwa likiongezeka. Mwananchi anaeleza kwamba gari lake lilizama kwenye mbuga kati ya majaruba, kwamba gari la taasisi yetu lenye winchi, yaani mashine ya kuvutia kwa waya, lilifika mahali hapo, na kwamba dereva wetu alishuka, akaitazama kamba aliyopewa, akakataa kuifunga. Wengine wanaandika kwamba dereva alikuwa na majivuno. Mwezi huu tunapoendesha kampeni ya usalama wa magari ya vijijini katika wilaya za Magu, Misungwi na Kwimba pamoja na mialo ya Ilemela, mkoani Mwanza, nimeona ni wajibu wangu kueleza kwa kina kwa nini dereva yule alikataa, na kwa nini tutaendelea kumfundisha akatae.

Sina haja ya kumfundisha mkazi wa Usukumani jinsi udongo mweusi wa mbuga unavyovimba ukinywa maji na jinsi unavyong'ang'ania tairi. Ninachopenda kieleweke ni uzito unaozaliwa pale. Katika mafunzo ya uokoaji wa magari hutumika kanuni ya makadirio: gari lililozama hadi usawa wa kati ya tairi linahitaji nguvu ya kulivuta inayokaribia uzito wake wote, likizama kupita hapo hadi kwenye madigadi, nguvu hiyo inakuwa mara mbili ya uzito, na tope likipanda juu ya madigadi, mara tatu. Land Cruiser yenye mzigo, ambayo kwenye mizani ina tani 3, ikizama hadi kwenye madigadi inadai mvuto wa tani 6. Ikiwa inavutwa kupanda kilima, kila nyuzi moja ya mteremko inaongeza takriban sehemu moja ya 60 ya uzito wa gari. Kamba iliyokuwa ikivuta Noah kwenye lami ya Nyakato haijapimwa kwa kazi hiyo, na hoja ya kwamba "tuliitumia jana na haikukatika" haithibitishi chochote isipokuwa kwamba jana mzigo ulikuwa mdogo zaidi au kamba ilikuwa na siku moja zaidi ya uhai.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza ni sepeto. Ninalisema hili mbele ya kila darasa na kila mara naona nyuso zikinuna, kwa kuwa watu hutaka kusikia habari za winchi. Kuondoa tope mbele ya magurudumu na chini ya difu kunapunguza nguvu inayotakiwa kuliko kifaa chochote utakachonunua. Kinachofuata ni kupunguza upepo wa matairi. Kwenye mchanga wa mialo kama Igombe na Kayenze, ambako magari huingia kuchukua samaki na dagaa, tairi lililojazwa paundi 35 kwa inchi ya mraba likishushwa hadi karibu 20 linalala, linakanyaga eneo kubwa zaidi, na mara nyingi gari linatoka lenyewe bila kuguswa na kamba. Lazima basi uwe na pampu ya kulijaza tena kabla ya kurudi kwenye lami, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo likienda mwendo wa kasi linapata joto na linaweza kupasuka.

Ikiwa baada ya hayo kuvutwa bado kunahitajika, swali la kwanza liwe ni wapi kamba inafungwa. Hapa ndipo penye hatari kubwa, na hapa ndipo ninapopata ugumu wa kuvumilia mazoea. Magari mengi tunayotumia yaliletwa na meli kutoka Japani yakiwa yametumika, na chini ya bampa yana vipete vyembamba vilivyokusudiwa kulifunga gari lisitembee ndani ya meli. Vile si vya kunasulia. Kile kijiti cha chuma chenye pete, kinachokaa pamoja na jeki na kuchomekwa kwenye tundu la bampa kwa kuzungushwa, ni cha kukokotea gari lililoharibika kwenye njia tambarare. Ngao ya mbele, ekseli, fito za usukani na springi si mahali pa kufunga. Na kile kichwa cha mviringo cha kuvutia tela, ambacho kila mtu hukikimbilia kwa sababu kinaonekana kinene na kitanzi kinakaa vizuri, kimekwisha kuua watu katika nchi mbalimbali: kimetengenezwa kubeba tela linalovutwa taratibu, na kikipata mtikisiko wa ghafla shingo yake inakatika.

Niliwahi kusimama mahali jambo hilo lilipotokea, kwenye barabara ya vumbi iliyopita katikati ya majaruba, jioni, watu wapatao arobaini wakiwa wamekusanyika. Fuso lilikuwa likivuta gari dogo la abiria lililozama matairi ya nyuma, na kamba ilikuwa imevishwa kwenye kichwa cha tela. Nilikuwa nimeomba watu wasogee na wengi walikuwa wamesogea, isipokuwa tandiboi wa Fuso aliyekuwa ameinama kuangalia tairi. Akaitwa na dereva wake, akapiga hatua mbili. Kichwa cha tela kilikatika, kikapita pale alipokuwa ameinama na kugonga ubao wa nyuma wa Fuso. Nilikwenda kuutazama ule ubao. Ulikuwa na tundu lenye ukubwa wa ngumi, kingo zake zimegeukia ndani, na vipande vya rangi vilikuwa vimetawanyika juu ya tope. Kijana yule hakusema neno. Alikaa chini pembeni mwa jaruba, na mikono yake ilikuwa ikitetemeka kwa muda mrefu sana.

Mahali sahihi ni ndoano au kitako cha kunasulia kilichofungwa kwenye chesisi kwa bolti zake, chenye maandishi ya uzito kinaoweza kubeba. Zikiwepo mbili, tumia zote mbili kwa mkanda unaogawanya mzigo, na pembe kati ya miguu yake isizidi nyuzi 60; ikipanuka hadi 120, kila mguu unabeba mzigo wote peke yake, yaani hujagawa chochote.

Kuhusu kamba yenyewe, wananchi wengi huchanganya kazi mbili ambazo Kiswahili kinazitenganisha vizuri. Kukokota ni kulipeleka gereji gari lililoharibika, magurudumu yakiwa huru. Kunasua ni kulitoa gari lililoshikwa. Mkanda wa poliesta haunyumbuki sana, kwa hiyo unafaa kukokota au kurefusha waya wa winchi. Mkanda au kamba ya nailoni ya kunasulia hunyumbuka, mkanda takriban asilimia 20 na kamba iliyosukwa hadi kama 30, ili gari linalovuta lianze kwenda kabla kamba haijakaza, kisha nguvu hiyo iingie polepole kwenye gari lililozama. Ukivuta kwa mshtuko ukitumia mkanda usionyumbuka, au mnyororo, au waya wa chuma, mshtuko wote unaishia kwenye ndoano. Nimeambiwa mara nyingi kwamba mnyororo haukatiki. Unakatika, tena bila dalili. Kamba ya manila inayouzwa kwa wavuvi ni kamba nzuri kwa mtumbwi na nanga. Haina kipimo cha kunasulia gari, imekaa juani, na mafundo yanayopigwa kuiunganisha hupunguza sana nguvu yake. Mkanda wa kunasulia uchaguliwe kwa kipimo cha kukatika kisichopungua mara 2 hadi 3 ya uzito wa gari jepesi kati ya mawili yanayohusika, ukijumlisha na mzigo wake.

Shakeli, yaani kile chuma chenye umbo la upinde na pini ya kukaza, iwe na maandishi ya uzito wa kazi yaliyochongwa mwilini mwake. Ya milimita 16 kwa kawaida huandikwa tani 3.25, na ya milimita 19 huandikwa tani 4.75. Isiyo na maandishi irudishwe dukani, hata kama muuzaji anaapa. Kaza pini hadi mwisho, kisha irudishe robo ya mzunguko ili isigande baada ya kuvuta. Usiunganishe mikanda miwili kwa kuweka shakeli katikati, kwa maana mmoja ukikatika shakeli hiyo inakuwa jiwe la kombeo. Pitisha kitanzi cha mmoja ndani ya kitanzi cha mwingine.

Mwendo wa gari linalovuta uwe mdogo. Nguvu iliyomo ndani ya gari linalokwenda huongezeka kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo dereva anayeondoka kwa kilomita 20 kwa saa badala ya 10 ameleta nguvu mara 4. Acha mita 2 au 3 za kamba iliyolegea, tandaza koti zito au gunia lenye mchanga kidogo katikati ya kamba ili kamba ikikatika ishuke chini, na hakikisha anayeelekeza ni mtu mmoja anayeonekana na madereva wote wawili. Watu wengine wote wakae umbali usiopungua mara moja na nusu ya urefu wa kamba. Kwa kamba ya mita 9 hesabu mita 15 na usibishane. Ninajua kwamba kwetu gari likizama kijiji kizima hujitokeza kusaidia, na wema huo sitaki upotee. Tafadhali utumieni kwenye sepeto na kubeba mawe na matawi ya kuweka chini ya matairi. Kamba ikishafungwa, watoto waondoke kwanza.

Wenye winchi wakumbuke kwamba nguvu iliyoandikwa ni ya tabaka la mwisho karibu na pipa linalozungushiwa waya, waya ukiwa umefunguliwa karibu wote. Kila tabaka linaloongezeka linaipunguza. Bakiza angalau mizunguko 5 ya waya wa chuma kwenye pipa, vaa glavu za ngozi, na usivuke waya uliokaza. Jeki ya Tanganyika, yaani ile ndefu inayopandishwa kwa mpini, inahitaji ubao mpana chini yake, na kichwa chako kisikae kamwe juu ya mpini wake.

Sasa niseme kuhusu utaratibu wetu. Dereva wa taasisi anayeombwa msaada anatakiwa kwanza kumpigia msimamizi wa safari na kutaja mahali, saa na namba za magari yote mawili. Pili, anapiga picha nne: mahali pa kufungia kwa kila gari, kamba, na kina cha tope. Tatu, anatumia vifaa vya taasisi pekee, akishapata saini ya mwenye gari kwamba ameonyeshwa na kuelewa hatari. Nne, anaandika kwenye kitabu cha safari. Asipofuata hatua hizo anasimamishwa kuendesha kwa siku 14, anarudia mafunzo, na gharama ya uharibifu inakatwa kwake. Kwa hiyo anapokataa kamba yako hakudharau. Anakulinda wewe, na analinda pia riziki yake. Kama gari lenu halina mahali salama pa kufungia, atawaachia sepeto na kukaa nanyi hadi msaada mwingine ufike.

Watu wanaodhani kwamba jaruba halina sheria wamekosea. Barabarani, Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamshughulikia anayeendesha kwa uzembe au kwa namna ya hatari, na kamba ikikatika na kumjeruhi mpita njia, maneno kwamba ulikuwa unasaidia hayafuti kosa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, nayo ina kosa la vitendo vya uzembe vinavyohatarisha maisha, na kosa hilo halisubiri uwe juu ya lami. Kwa upande wa bima ambayo kila chombo kinatakiwa kuwa nayo chini ya Sura ya 169, muulize wakala wako kwa maandishi kama inagusa madhara yanayotokea wakati wa kunasua, na utunze jibu lake. Palipo na mtu aliyebanwa au gari lililoingia majini, acheni kuvuta na mpigie Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114, au Polisi kwa 112.

Gari likishatoka na kuonekana haliwezi kwenda lenyewe, kumbukeni kwamba injini ikizimwa usukani huwa mgumu, na breki nazo huwa ngumu baada ya kukanyagwa mara chache, na kwamba ufunguo ukiondolewa usukani hujifunga. Magari ya gia otomatiki yasikokotwe magurudumu yanayoendesha yakiwa chini, kwa kuwa pampu ya mafuta ya gia huzungushwa na injini. Yapakiwe juu ya bredauni.

Mwisho wa kazi, osha mkanda kwa maji safi uondoe mchanga unaokata nyuzi kwa ndani, uanike kivulini, kisha uupitishe polepole mikononi inchi kwa inchi ukitafuta nyuzi zilizochanika, sehemu iliyoungua au mshono uliofunguka. Ukiiona hata moja, ukate mkanda wote vipande vifupi kabla ya kuutupa, kwa maana ukiutupa mzima utaokotwa, na siku ya mvua utafungwa kwenye gari la mtu mwingine.