Kinga ya mwili: tunayoyaamini na yanayotokea kweli

"Kinga ikiwa kali zaidi, ndivyo afya inavyokuwa bora." Dhana hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu inawauzia watu vidonge na unga wasiouhitaji. Kazi ngumu ya kinga ni kutambua: hiki ni cha mwili, hiki si chake. Ikikosea, hushambulia mwili wenyewe. Kisukari cha aina ya kwanza hutokea hivyo, seli za kongosho zinazotengeneza insulini zikiuawa na seli za kinga. Ndiyo maana mwili una seli T (aina ya chembe nyeupe za damu) za kuwatuliza wenzake; ugunduzi wake uliwapa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2025.

"Homa na usaha huletwa na vijidudu." Vijidudu huchokoza tu. Joto hupandishwa na ubongo baada ya kupokea ishara za seli za kinga, na usaha kwa sehemu kubwa ni chembe nyeupe zilizokufa vitani. Hata hivyo homa isipuuzwe: kwa mtoto wa chini ya miezi 3 ni dharura.

"Figo ya ndugu wa damu haikataliwi, mradi makundi ya damu yanapatana." Hapa familia nyingi huumia. Zaidi ya kundi la damu, kinga hukagua protini za HLA zilizo juu ya seli, na hizo hurithiwa nusu kwa baba, nusu kwa mama. Kwa ndugu wa baba na mama mmoja, uwezekano wa kulingana kikamilifu ni mmoja kati ya minne. Na wapo wasiolingana hata kidogo. Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa kwa muda mrefu, uliofanywa na Joseph Murray na wenzake huko Boston mwaka 1954, ulikuwa kati ya mapacha wa kufanana. Kinga ya mpokeaji haikuona kitu kigeni. Wengine karibu wote hutumia dawa za kupunguza kinga kwa muda wote figo hiyo inapofanya kazi.

Nao wapo wanaoziacha baada ya miaka kadhaa, wakidhani mwili umeshaizoea figo. Tafadhali, usifanye hivyo. Mgonjwa anaweza kujisikia mzima, hana maumivu, mkojo unatoka vizuri, huku kreatinini, taka ambayo figo huichuja, ikipanda kwenye kipimo cha damu kila anaporudi kliniki. Akija kuvimba miguu, sehemu ya figo huenda imeshakufa.

"Saratani ni seli zetu wenyewe, kwa hiyo kinga haizioni." Huziona, na nyingi huziua mapema. Ushahidi ni hao hao waliopandikizwa: kinga yao ikipunguzwa, saratani za ngozi na limfoma (saratani ya chembe nyeupe za damu) huwapata zaidi. Uvimbe unaofanikiwa kukua ni ule uliojifunza kujificha, au kukanyaga breki zilizo kwenye seli T. James Allison na Tasuku Honjo walipata Nobel mwaka 2018 kwa kuonyesha kwamba breki hizo zinaweza kuachiliwa. Dawa zilizotokana na kazi yao zimewapa baadhi ya wagonjwa wa melanoma (aina ya saratani ya ngozi) iliyosambaa miaka mingi ya uhai, ingawa wengi hazijawasaidia. Na mwenye figo ya kupandikizwa akipewa dawa hizo, seli T zilizofunguliwa zinaweza kuishambulia figo pamoja na uvimbe.