Mjamzito kazini: hatari zipimwe lini, na vipi?

Nafanya kazi kwenye shamba la maua karibu na Entebbe. Nina mimba ya wiki saba na sijamwambia mtu. Nisubiri tumbo lionekane?

Usisubiri, dada. Moyo, ubongo na uti wa mgongo wa mtoto vinaumbika wiki hizi hizi, watu wakiwa bado hawajashtukia chochote. Kwa hiyo mwajiri makini hasubiri kuletewa cheti cha kliniki. Huwa ameshapima kila kazi ambayo huenda ikafanywa na mwanamke wa umri wa kuzaa. Ukimwarifu, anaipima upya kwa ajili yako. Mwarifu kwa maandishi, ubaki na nakala.

Tunapewa glavu na barakoa. Hazitoshi?

Glavu ni kinga ya mwisho, ingawa mashambani huanzwa nayo kwa sababu ni rahisi kununua. Niliwahi kusimama kwenye meza ya kupanga waridi, nikatazama mikono ya mama mmoja. Miiba ilikuwa imetoboa glavu kwenye ncha za vidole; alipozivua, ngozi ilikuwa imekunjamana kwa majimaji. Baadhi ya dawa za wadudu, kama oganofosfeti, hupenya ngozi, na glavu iliyolowa ndani huzifungia hapo hapo.

Swali la kwanza liwe: je, mjamzito anaweza kukaa mbali kabisa na dawa? La pili: muda ulioandikwa kwenye lebo ya dawa, wa kusubiri kabla ya kurudi kwenye banda la maua lililopuliziwa, umepita? Tena ahamishiwe kazi nyingine, mfano kuhesabu maboksi, bila kukatwa mshahara. Glavu nzima zije baada ya hayo yote.

Mimi sigusi dawa, nasimama tu na kubeba maji.

"Tu" hiyo ndiyo inayodanganya. Dumu la lita 20 ni kilo 20 za maji, dumu lenyewe hujalihesabu. Mimba hulegeza maungio na kuuvuta mgongo mbele, hivyo mzigo wa mwezi jana si wa leo. Ongeza joto la bandani na kusimama saa nyingi.

Halafu kuna choo. Wengi hawanywi maji kwa sababu choo kiko mbali au nyapara ananuna. Mkojo ukibanwa, maambukizi ya njia ya mkojo huja kirahisi, na yanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Anayepima hatari atembee mwenyewe kutoka mezani hadi chooni. Karatasi haitamwonyesha hilo.

Wakinifukuza?

Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inakataza kumfukuza mtu kwa sababu ya mimba. Inakupa pia likizo ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na angalau wiki nne ziwe baada ya kujifungua. Wakikaidi, nenda kwa afisa wa kazi wa wilaya na ile nakala yako.

Nikishajifungua, yameisha?

Hapana. Ukirudi unanyonyesha, kazi ipimwe tena.

Niache kazi saa hiyo hiyo nikiona nini?

Damu au maji ukeni, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, uso kuvimba, mtoto kupunguza kucheza. Kwa aliyeguswa na dawa: mate na jasho jingi, misuli kutetemeka, kifua kubana. Vua nguo zilizolowa, jioshe kwa sabuni, nenda kituo cha afya. Piga picha lebo ya dawa kwa simu, ili mganga asipoteze muda akibahatisha.