Maana ya Uchunguzi wa Sikio kwa Mbali

Uchunguzi wa sikio kwa mbali ni tawi la tibamtandao ambalo ndani yake picha ya sikio husafiri badala ya mgonjwa, ikamfikia daktari wa masikio popote alipo. Kumweleza daktari kwa simu kwamba sikio la mtoto linauma hakutoshi kuitwa uchunguzi wa namna hii, kwa sababu maumivu hayohayo huweza kuletwa na nta iliyoganda, na uvimbe wa njia ya sikio unaowapata sana waogeleaji, au na maambukizi yaliyo nyuma ya kiwambo (utando mwembamba ulio mwishoni mwa njia ya sikio), na kila moja lina tiba yake.

Chombo chenyewe ni kamera nyembamba yenye taa, inayounganishwa na simu. Katika zahanati ya Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, tuseme, mama humpakata mtoto na kumshika kichwa kisitikisike, naye mhudumu huvuta sikio nyuma na chini kidogo (la mtu mzima huvutwa nyuma na juu) ili njia inyooke, kisha huingiza ncha ya kamera taratibu. Kiwambo kizima huwa cha kijivu king'aacho kama lulu. Chenye maambukizi makali huwa chekundu, kimetuna. Kilichotoboka huonyesha tundu. Picha hutumwa pamoja na maelezo ya umri, homa na siku za maumivu, na daktari aliye ng'ambo ya kivuko aweza kuzisoma papo hapo au jioni, amalizapo zamu.

Nta ikiziba njia, daktari haoni kitu, hivyo hutolewa kwanza. Nalisisitiza jambo moja: sikio linalouma lisitiwe mafuta ya moto nyumbani kabla ya kuonyeshwa, kwani mafuta hutia picha ukungu, na kiwambo kikiwa kimetoboka hupenya hadi sikio la kati.

Picha haipimi usikivu. Kwa hilo ziko programu nyingine, kama hearWHO iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019, ambapo mtu husikiliza tarakimu zinazotajwa katikati ya kelele, akaziandika; nayo huonyesha tu nani anahitaji vipimo zaidi.

Mwenye uvimbe nyuma ya sikio, uso uliopinda upande mmoja, au aliyepoteza usikivu ghafla, hasubiri jibu la picha. Huyo huvushwa siku hiyohiyo apelekwe hospitali.