Mazoezi ya chini si kumchosha farasi

Mazoezi ya chini ni mafunzo ambayo farasi au punda hupewa na mtu aliyesimama kando yake badala ya kumpanda. Maana yenyewe haina ugumu. Kinachonisukuma kuandika ni matumizi ninayoyasikia mno hapa Bagamoyo: mnyama anafungwa kamba ndefu, anazungushwa ufukweni mbio mbio mpaka jasho linamtiririka, kisha mwenye mnyama anasema amemfanyisha mazoezi ya chini.

Kuzungusha kwa kamba ni sehemu ya mazoezi hayo na kuna faida yake, lakini duara dogo likirudiwa kwa muda mrefu huelemea viungo vya miguu, hasa penye mchanga laini, wala halimpi mnyama jambo la kufikiri. Mazoezi ya chini humtaka atafute jibu. Mtu humgusa ubavu kwa ncha za vidole, akangoja. Farasi akisogeza mguu wa nyuma hata hatua moja, vidole huondolewa papo hapo. Kugusa humuuliza tu, ila kuachiwa ndiko kunakomfundisha, na kwa hiyo anayechelewa kuondoa mkono humzoesha mnyama kuamini kwamba kutii hakumletei nafuu. Nasisitiza hili kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu, tena wakiwa na nia njema kabisa.

Ili asichoke akili, kazi hubadilishwa. Apite juu ya mianzi iliyolazwa chini kwa nafasi ya sentimita 80 hivi, arudi nyuma hatua tatu, asimame na kungoja huku kamba imelegea, kisha azunguke madumu matupu yaliyopangwa kwa kupishana. Mianzi hasa hupendeza kutazama. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, naye haoni kilicho chini kabisa ya pua yake. Kwa hiyo akikaribia huinamisha shingo, akapima, na mwanzi unapompotea machoni hulazimika kukumbuka pa kuweka kwato. Wakati huo sikio moja humwelekea mtu na jingine hubaki mbele. Hapo hana haja ya kukimbizwa, ameshughulika. Dakika 15 za namna hii asubuhi, kabla joto halijapanda, zinatosha.

Turubai lililotandazwa chini lataka subira zaidi, na hapa punda asipimwe kwa kipimo cha farasi. Farasi akishtuka hukimbia, ilhali punda mara nyingi husimama tuli, nasi tukamwita mkaidi na kumchapa, kumbe bado anakichunguza kitu kilicho mbele yake. Kwa kuwa farasi ni wachache pwani yetu na punda wa kubeba maji na mchanga ndio tunaoishi nao, kosa hili huwaumiza punda kuliko farasi. Aachwe anuse ukingo wa turubai, na akiweka kwato moja juu yake, kamba ilegezwe na apumzishwe hapo hapo.

Basi ndugu yangu anayemzungusha mnyama wake nusu nzima ya saa asiudhike nikimwambia kwamba hapo amemkimbiza tu. Mazoezi ya chini anaweza kuyaanza kesho asubuhi kwa kamba ile ile, akimtaka mnyama arudi nyuma hatua moja, kisha amwachie.