Sabuni imeisha yote, faida iko wapi? Dhana potofu kuhusu kufundisha biashara shuleni kwa kutengeneza bidhaa

Elimu ya Biashara sasa ni somo la lazima kwa anayeingia kidato cha kwanza Tanzania Bara, na mtaala ulioboreshwa unasisitiza vitendo. Haishangazi basi kwamba mashindano ya kutengeneza bidhaa yameshika kasi: darasa linagawanywa vikundi, kila kikundi kinapewa mtaji kidogo na muda, kisha kinatakiwa kirudi na kitu kilichouzika. Sabuni ya maji, batiki, krispi za ndizi, ubuyu, bangili za shanga, mkaa mbadala. Mimi ni shabiki wa njia hii. Ila inavyosimuliwa kwenye vikao vya wazazi na ofisi za walimu, kuna mambo yanayorudiwa mpaka yamekuwa kama kanuni, na mengi hayana msingi.

"Wakishajua kutengeneza, wameshajua biashara"

Hii ndiyo mama wa nyingine zote, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Kupika sabuni ya maji mwanafunzi anajifunza asubuhi moja. Salfoniki (asidi ya kusafishia), slesi (kitoa povu), soda ashi iliyoyeyushwa, chumvi ya kuifanya iwe nzito, rangi, manukato, maji, na mkono usiochoka kukoroga. Ni somo zuri la kemia. Biashara inaanza pale dumu linapojaa.

Tuseme kikundi kimepika lita 20, na malighafi zimekula shilingi 24,000. Wanapata chupa 40 za nusu lita. Wanagawanya 24,000 kwa 40, wanaona kila chupa imewagharimu shilingi 600, wanapanga bei ya 1,000 na kushangilia faida ya 400. Sasa waulize chupa tupu zilitoka wapi. Zilinunuliwa kwa 300 kila moja, hiyo ni 12,000. Lebo za kuchapisha 100 kila moja, 4,000. Nauli ya kwenda mjini kufuata malighafi na kurudi, 3,000. Gharama halisi ni 43,000, maana yake kila chupa imesimama kwa 1,075. Wameuza zote 40, wamekusanya 40,000, na wamepata hasara ya 3,000 huku kila mtu akiwapongeza. Hapo hatujagusa nguvu kazi yao, wala hatujakutana na mtu wa kuchukua chupa sita kwa ahadi ya "nitalipa mwisho wa mwezi".

Yupo mwanafunzi ambaye atakumbuka shilingi 75 ile maisha yake yote. Huyo ndiye aliyejifunza biashara, hata kama koroga yake ilikuwa na mabonge.

Kuna jambo jingine dogo ambalo hakuna mwongozo unaolitaja kwa uzito unaostahili. Sabuni iliyotoka kukorogwa imejaa povu. Vikundi vyenye haraka hujaza chupa papo hapo; asubuhi povu limetulia na chupa zote zimepungua shingoni. Mteja anainua chupa, anaitazama, anauliza mbona haijajaa. Mwalimu mwenye busara haingilii mapema kuwaonya. Anawaacha waamue wenyewe: wajazie, ambayo ni gharama, au washushe bei, ambayo pia ni gharama, au wauze hivyohivyo na kupoteza mteja. Mazungumzo ya dakika kumi juu ya chupa iliyopungua yana thamani kuliko ukurasa mzima wa nukuu kuhusu huduma kwa mteja.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama shule inafundisha biashara au inafundisha kupika sabuni, usiombe kuona bidhaa. Omba daftari. Tarehe, maelezo, iliyoingia, iliyotoka, salio. Kisha uliza nani alipanga bei. Kama bei alipanga mwalimu, bidhaa alichagua mwalimu, na wateja ni walimu wenzake waliotoa shilingi elfu moja moja kwa aibu, wanafunzi walikuwa vibarua tu.

"Bidhaa iliyopendeza ndiyo iliyoshinda"

Waamuzi wengi wa mashindano haya hupita mezani, wanashika, wanasifia, wanaandika alama. Matokeo yanajulikana: bidhaa ya mtoto ambaye baba yake ana mashine ya kuchapisha lebo inang'aa kuliko zote.

Wakenya wamelipitia hili hadharani. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa, kazi za mikono zikawa zinaletwa nyumbani, na mjadala wa wazazi waliokesha wakitengeneza sanamu ya kutishia ndege kwa ajili ya mtoto wa darasa la nne ulienea kila kona. Haikuwa mara ya kwanza. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 nao ulikuja na masomo ya vitendo kwa wingi, mengi yakaja kupunguzwa baadaye, na malalamiko ya gharama kwa wazazi yalikuwepo tangu wakati huo.

Tiba yake haihitaji fedha. Kazi ifanyike shuleni, mtaji uwe sawa kwa kila kikundi, na asiruhusiwe mtu kuongeza hata mia kutoka mfukoni. Alama nyingi ziende kwenye maamuzi na kumbukumbu: mliongea na wateja wangapi kabla ya kununua malighafi, mlibadilisha nini baada ya kusikia majibu yao, hesabu zenu zinafunga? Kikundi kilichouza mihogo ya kukaanga iliyochongwa hovyo, lakini kinaweza kueleza kwa nini Ijumaa kiliuza mara mbili ya Jumatano, kinastahili kuwapita wenye boksi la kung'aa.

"Lengo ni kila mwanafunzi atoke mjasiriamali"

Hapa wanasiasa na wafadhili wote wanaimba wimbo mmoja, na ushahidi unawakatalia.

Uholanzi walifanya jambo ambalo huku kwetu hatulifanyi vya kutosha: walipima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliangalia wanafunzi wa kampasi mbili za chuo kimoja, ambapo kampasi moja ilikuwa na programu ya kuanzisha kampuni ndogo ya wanafunzi na nyingine haikuwa nayo. Stadi za ujasiriamali, kwa tathmini ya wanafunzi wenyewe, hazikuongezeka kwa kiwango cha maana. Hamu ya kuja kuwa mjasiriamali ilishuka.

Miaka minne baadaye ukatoka utafiti mwingine, nao wa Uholanzi, safari hii kwa watoto wa shule ya msingi wa miaka kama 11 na 12. Watoto hao waligawanywa vikundi, wakaunda kampuni, wakasanifu, wakatengeneza na kuuza bangili za urafiki. Ujuzi wao wa mambo ya biashara haukupanda. Hamu ya kuwa wafanyabiashara nayo ilishuka. Kilichopanda ni vingine: kujiamini kwamba wanaweza, ubunifu, uvumilivu wa kumaliza jambo, kujituma bila kusukumwa.

Wapo watakaosema basi mpango huo umefeli. Mimi nasoma kinyume. Mtoto aliyepambana na mteja mgumu, akagombana na mwenzake juu ya zamu, akaona faida ilivyo nyembamba, halafu akasema "hii siyo yangu, nataka kuwa muuguzi", amejijua mapema na kwa gharama ya shilingi elfu chache. Wengine hujifunza hilo wakiwa na mkopo wa benki na fremu iliyolipiwa kodi ya mwaka mzima. Na muuguzi anayejua kupanga kazi na kufunga hesabu bado ni muuguzi bora.

Jambo moja la kujihadhari nalo ni kuyabeba matokeo ya Uholanzi na kuyapachika Mbeya au Kisumu kama yalivyo. Kule mtoto wa miaka 11 anauza bangili kwa mara ya kwanza; hapa wapo wanaokuja darasani wakiwa wameshatembeza karanga tangu darasa la tatu. Watoto hao wanajua kuuza kuliko mwalimu wao. Wanachokosa mara nyingi ni kumbukumbu, yaani kujua kama mwezi umeisha na faida au ni fedha zinazunguka tu.

"Ni shamba la shule kwa jina jipya"

Wazazi wa rika fulani wakisikia wanafunzi wanazalisha na kuuza, sura zinakunjamana. Wanakumbuka jembe. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule ziwe na miradi ya uzalishaji, na alitaka wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua mambo ya mradi wao. Sehemu ya kwanza ilitekelezwa kwa nguvu. Sehemu ya pili, kwa kumbukumbu za wengi waliolima mashamba hayo, ilisahaulika: walipalilia, walivuna, na hawakuwahi kuambiwa gunia limeuzwa bei gani.

Kwa hiyo hofu ya wazazi ina msingi, lakini inaelekezwa pasipo. Tofauti iko kwenye swali la nani anaiona fedha na nani anaamua iende wapi. Shule inayochukua mauzo yote "kwa maendeleo ya shule" bila kikao imerudi kwenye jembe, hata kama bidhaa ni losheni.

Mfano unaosaidia ni wa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Junior Achievement ilianza Marekani mwaka 1919, na umbo la kampuni yake ya wanafunzi limebaki karibu lilelile: wanafunzi wanauza hisa ndogondogo kupata mtaji, wanachagua viongozi, wanatengeneza na kuuza, kisha mwisho wa muhula wanaifunga kampuni na kugawana kilichobaki kwa wenye hisa. Kwetu hakuna haja hata ya kueleza sana. Mtoto ambaye mama yake yuko VICOBA, au chama kwa upande wa Kenya, ameshaona hisa zikinunuliwa kila wiki na mgao ukifanyika mwisho wa mzunguko. Weka hisa moja shilingi 500, ruhusu wanafunzi wa madarasa mengine wanunue, na uone maswali yatakavyoulizwa siku ya mkutano. Mweka hazina wa miaka 15 akihojiwa na wenye hisa wa rika lake hupata jasho ambalo hakuna mtihani unaoweza kumtoa.

"Hayo ni ya wasioweza darasani, na yanakula muda wa mtihani"

Sehemu ya pili ina ukweli kidogo. Mashindano yasiyo na mwisho, yanayotanda muhula mzima, hula muda kweli. Wiki tatu au nne zinatosha, tena kwa vipindi vya somo lenyewe. Sehemu ya kwanza ni majivuno tu. Uwiano, asilimia, wastani, kuandika barua, kujenga hoja: vyote vimo humo, na yule wa kwanza darasani mara nyingi ndiye anayeganda mteja anapomwambia "punguza".

Na mtaji? Si lazima uwe mkubwa. Shilingi 20,000 kwa kikundi zinafundisha zaidi ya 200,000, kwa sababu zinalazimisha kuchagua. Kuhusu hasara, kanuni yangu ni fupi: kikundi kilichopata hasara na kinaweza kuonyesha ilitokea wapi kisipoteze alama hata moja.

"Ni kazi za watoto, hazina hatari"

Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Salfoniki inaunguza ngozi na macho. Kostiki soda, inayotumika kwenye sabuni ya mche na pia kwenye rangi za batiki, ni mbaya zaidi: inapochanganywa na maji hutoa joto kali, na inatakiwa imwagwe yenyewe taratibu ndani ya maji, kamwe si maji juu yake. Glavu, miwani, sehemu yenye hewa, ndoo ya maji safi karibu, na mtu mzima asiyetoka kwenda kupokea simu. Shule isiyoweza kutimiza hayo ichague krispi, shanga au mifuko ya kushona.

Upande wa sheria nao usipuuzwe. Kuuzia jirani sabuni katika zoezi la darasa ni jambo moja, kuipeleka rafu za maduka ni jingine. Huko kuna shirika la viwango, TBS, au KEBS kwa Kenya. Tanzania, mjasiriamali mdogo huanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo lililopo tangu mwaka 1973, kupata barua ya utambulisho kabla ya kuomba alama ya ubora. Wanafunzi wakifuatilia safari hiyo kwa maswali tu, bila hata kuomba, wataelewa kwa nini sabuni ya dukani ina bei ile.

"Mwalimu ambaye hajawahi kufanya biashara hawezi kuifundisha"

Anaweza, akikubali kwamba hatakuwa mjuzi pekee chumbani. Kazi yake ni kuuliza na kusimamia daftari. Ujuzi mwingine upo nje ya geti: fundi cherehani, muuza mitumba, mama lishe. Mwalike mama lishe kwa kipindi kimoja, mlipe hata nauli na muda wake, na usimwandalie hotuba. Waache wanafunzi wamuulize anajuaje wali wa kesho upikwe kilo ngapi, anafanyaje mchele ukipanda bei, na wanaokula kwa mkopo anawaandika wapi.